Kwa Haki ya Maziwa

Sehemu ya sita

Mlioanza nami tangu sehemu ya kwanza mnaujua ubaya wangu. Mnaoingia leo, karibuni, ubaya ungalipo wa kumtosha kila mtu.

Jina langu Akka, mchunga kondoo wa Ayt Uzru. Kwa miaka mitatu nilimpenda mwanamume mwenzangu, Bassu wa Ayt Wasif, kabila la ng'ambo ya kijito. Kila kiangazi kondoo wao na wetu walipanda malisho ya juu, nasi tukapanda nao. Hakuna aliyetushuku. Wachungaji wawili kukaa pamoja wakanywa chai si habari ya mtu kwenda kuisimulia sokoni.

Kisha makabila yetu yakapigana kwa ajili ya malisho hayo hayo. Kijana wao mmoja, Mimun, alipigwa jiwe la kichwa akafa, akamwacha mkewe na kichanga cha miezi minne. Wazee wakaona damu itazaa damu. Wakaamua tufunge tada, undugu wa kunyonya, kama walivyofanya babu zetu walipochoka kuzikana.

Tada ni hivi. Kila mwanamume anavua kubadhi lake la mguu wa kulia. Ya kwetu yanafunikwa kwa joho moja la sufu, ya kwao kwa joho jingine. Wao wanachomoa moja, nasi tunajibu kwa kuchomoa moja, na wenye makubadhi hayo mawili wanakuwa ndugu mpaka kaburini. Baadaye wanawake wanaonyonyesha wa pande zote mbili wanakamulia maziwa yao kwenye chakula cha kuskusi, na kila jozi inakula kutoka sinia moja.

Ndugu wa tada hadanganywi. Ombi lake halikataliwi, hata akiomba kondoo wako wa mwisho. Mama yake ni mama yako. Na kumtamani mtu wa tada ni mwiko mkubwa kuliko kumtamani dada yako wa tumbo moja. Anayeuvunja hupofuka, wanasema, na mifugo yake huzaa mizoga.

Mwiko huo niliujua, msidhani sikuujua. Ila nilijipigia hesabu zangu za kijinga. Nilisema huo ni mwiko wa ndoa, wa wanaume na wanawake. Nani atatunga mwiko juu ya jambo ambalo kila mtu anasema halipo?

Basi wiki iliyopita niliwaungamia nilichofanya. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuchomoa kwa upande wetu. Asubuhi ile nilipita karibu na punda wa Bassu nikaliona kubadhi lake limebaki ndani ya shogi la mizigo. Nikajua amelisahau, maana huyo ni mtu wa kusahau hata kula. Nikalichukua, nikalisukumia chini ya joho lao watu walipokuwa wanaitikia dua. Ndani ya la kwangu nilikuwa nimekwisha kufunga fundo la sufu.

Mzee Rahu wao alipoinua kubadhi la Bassu, lenye kiraka cha ngozi ya mbuzi nilichokishona mimi mwenyewe, nikapapasa chini ya joho letu nikitafuta fundo langu. Nikalipata, nikachomoa. Vigelegele vikapigwa. Nikajiona mjanja kuliko wote bondeni. Tangu siku hiyo nani angethubutu kuuliza Akka na Bassu wanafanya nini pamoja?

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mtu anayechezea kiapo cha watu anastahili kila kinachompata. Dada yangu, sibishani nawe. Ila subiri usikie chenyewe kilichonipata.

*

Siku ya pili baada ya tada nilipanda malishoni nikiwa na furaha ya bwana harusi. Nilikuwa nimebeba mkate wa shayiri na samli, na kifundo cha majani ya shiba ya kutia kwenye chai, kwa kuwa Bassu anayapenda.

Nilimkuta kijitoni. Aliponiona alisimama, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Akaniamkia, "Amani kwako, ndugu Akka." Akarudi nyuma hatua tatu.

Nilicheka. Nilidhani anaigiza, labda kuna mtu nyuma yangu. Nikageuka nikatazama. Hapakuwa na mtu, kondoo tu.

"Hata kondoo unawaogopa siku hizi?" nikamuuliza.

Hakucheka. Aliupokea mkate kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu kwa mkwe, akaniombea dua, akaenda kuula hemani kwake. Kesho yake alikuwa amehamishia hema lake upande wa pili wa bonde, mahali ambapo hata nikipiga mbinja hasikii.

Siku arobaini nilivumilia. Nilijiambia ni haya tu, zitamtoka. Nilimfuata mara mbili, mara zote mbili alisimama, mkono kifuani, macho kwenye vidole vya miguu yake. Nilimuuliza nimemkosea nini. Alijibu kwamba ndugu wa tada hamkosei ndugu yake. Mtu anakuua kwa heshima, unamshtaki wapi?

Niliumwa, wasomaji. Sikuwa na homa wala kikohozi, ila nilikuwa naumwa. Nilikonda hadi mkanda ukahitaji tundu jipya.

Mama yangu aliliona hilo tundu jipya.

*

Mama yangu, Bi Khedduj, ni mjane mwenye mwana mmoja tu, naye ndiye mimi. Kwake kila ugonjwa wa mwanamume una dawa moja, mke. Alikuwa amekwisha nichagulia Izza, binti wa jirani, msichana mwenye mikono mepesi kwenye kitanda cha kufumia na ulimi mwepesi zaidi. Mimi nilikuwa nimekwisha kataa mara nne. Mara ya kwanza nilisingizia kondoo wanazaa. Ya pili ukame, ya tatu msiba wa Mimun. Mara ya nne niliishiwa visingizio nikasema naumwa jino.

Mama akanyamaza. Mama yangu akinyamaza ujue kuna jambo linapikwa.

Alichofanya nilikuja kukijua baadaye. Alifunga kuku wawili miguu, akatia mayai kwenye kikapu, akavuka kijito kwenda kwa Ayt Wasif. Akamkuta Bassu. Akamwambia, mwanangu, wewe ni mwanangu sasa, na ndugu yako anaangamia. Sisi wote amekwisha tukataa. Wewe hawezi kukukataa.

Jumatatu, saa ya chai ya asubuhi, Bassu akaja kwetu. Alikuwa amenyoa. Alivaa lile joho jeupe la sikukuu, na mkononi alishika mche wa sukari uliofungwa karatasi ya buluu. Mtu hatembei na mche wa sukari bila shughuli ya kuposa au kuoza. 

Mama akajifanya ana kazi nyuma ya pazia. Nilikiona kivuli chake kimesimama pale pale, hata kusonga hakisongi.

Bassu alikaa, akanywa bilauri tatu kama desturi, akauliza habari za kondoo, za mbwa, za paa la nyumba. Kisha akaiweka bilauri chini na kuyaelekeza macho kwenye mkeka.

"Ndugu Akka, nina ombi. Kwa haki ya maziwa."

"Usiliseme," nikamwambia.

"Muoe Izza."

Kabla sijapumua, kigelegele kikatoka nyuma ya pazia. Mama hakungoja hata jibu. Angojee la nini? Ombi la tada lina jibu moja.

Nilimtazama yule mtu. Mtu huyu, miaka mitatu, alikuwa akinifunika kwa joho lake theluji ya mapema inapotukuta juu. Alikuwa akiniimbia mpaka nalala. Leo amevaa akapendeza, amekuja kunioza.

"Nina kondoo anayechechemea," nikasema. "Njoo umtazame."

*

Nyuma ya zizi hapakuwa na kondoo anayechechemea. Kulikuwa na ukuta wa mawe, mbolea, na sisi wawili. Bassu alisimama mbali nami, hatua zake tatu.

Nilikuwa nimekwisha amua. Nilisema moyoni, ukweli huu utanifanya mtu mbaya mbele yake, lakini utamfungua. Afadhali anichukie akiwa huru kuliko aniheshimu hivi.

"Bassu, mimi na wewe hatuna tada."

Akakunja uso.

Nikamwambia yote. Fundo la sufu ndani ya kubadhi langu, jinsi nilivyopapasa, jinsi nilivyolitambua la kwake kwa kiraka nilichokishona. Nikamwambia si kudra iliyotuchagua, ni mimi. Nilitaka tukae karibu bila maneno ya watu. Kwa hiyo hapana tada, hapana mwiko, na Izza aolewe na mwanamume anayemtaka.

Bassu alikuwa anachambua vinyweleo vya sufu vilivyonasa ukutani, kimoja kimoja. Nilipomaliza hakuniuliza juu ya fundo, wala juu ya dhambi.

"Kubadhi langu lilifikaje chini ya joho?" akauliza.

"Ulilisahau kwenye shogi. Nililiona, nikakutilia."

Akakaa chini, pale pale kwenye mbolea, na joho lake jeupe la sikukuu.

"Sikulisahau," akasema.

Sikuelewa. Nilisimama kama mjinga.

"Sikulisahau, Akka. Nililiacha. Nilijua kwamba nikilitia, bahati yaweza kunipa wewe. Na ikinipa wewe, ndiyo nimekukosa. Sisi tulikuwa arobaini na mmoja, nyinyi arobaini. Mmoja wetu ilikuwa lazima abaki bila ndugu. Nilitaka nibaki mimi. Nibaki bila ndugu, nibaki wako."

Wasomaji, nilicheka. Msinihukumu. Kuna kicheko kinachotoka pale kilio kinapokosa njia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kumbe mwenzangu alikuwa ameufungua mlango makusudi, akauacha wazi kwa ajili yetu. Nami kwa mapenzi yangu, kwa mkono wangu, nikaenda nikaufunga, nikapigiwa na vigelegele.

"Nilipomwona Mzee Rahu ameinua kubadhi langu," Bassu akaendelea, "nilidhani ni Mungu. Nilisema, Bassu, ulijificha, Mungu amekuona, amekutoa mafichoni mwenyewe. Nikatii. Siku arobaini natii. Unajua nimelia kiasi gani?"

"Basi hakuwa Mungu. Nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe."

"Basi yamekwisha. Hakuna tada."

Nikapiga hatua moja kumwendea. Akainua kiganja kunizuia.

"Kubadhi limedanganya. Maziwa hayakudanganya. Unajua kwenye sinia letu aliyekamua ni nani? Mke wa Mimun. Alikaa mbele ya watu waliomuua mumewe, akakikamulia chakula chao ule mgawo wa yatima wake, ili asife mwingine. Nami nilikula, nikijua nakula na wewe. Sasa niende nikamwambie maziwa yake yalimwagwa kwenye mchezo wako?"

Nikaurudisha nyuma mguu niliokuwa nimeutanguliza. 

"Na tukisema moja limechezewa," akasema, "kesho mtu atasema yote yamechezewa. Keshokutwa watu wataokota mawe."

Alisema kweli. Jambo lililoniudhi kuliko yote ni hilo, kwamba alisema kweli. Na mimi nikiudhika nina tabia mbaya, ulimi wangu hunitangulia.

"Vizuri," nikasema. "Tada ipo. Basi ombi lako nimelikubali, nitamuoa Izza. Hukusema lini."

Akafumba macho. Mdomo wake ulitaka kucheka, nikauona, kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heri. Sikuishia hapo.

"Sasa zamu yangu. Nami nina ombi, kwa haki ya maziwa."

"Akka, usifanye."

"Alhamisi lori la soko linashuka mjini. Tupande wote wawili. Tusirudi tena."

Rangi ilimtoka usoni. Mama akaniita kutoka ndani, kwa sauti ya asali, akauliza kondoo yu hali gani.

"Umeiba katika tada," Bassu akasema polepole, "na sasa unataka kula kwa tada hiyo hiyo."

"Ndiyo," nikajibu. Ningesema nini? Ndivyo ilivyokuwa.

Akanyanyuka, akakung'uta mbolea. Kisha akanijongelea, akanibusu begani kama watu wa tada wanavyobusiana wakikubaliana jambo. Siku arobaini nilikuwa naomba anikaribie, na alipokaribia nikatamani asingekaribia.

"Sikatai. Siwezi kukataa. Nitakuja," akasema. "Ila utakuwa umeondoka na mtu asiyeweza kukataa, na hutajua kamwe."

"Sitajua nini?"

"Kama ningekuja mwenyewe."

*

Siku tatu zile kwetu palikuwa na shughuli. Mama alikopa vyungu kwa majirani, akapepeta ngano huku anaimba. Wajomba wa Izza walikuja kula mara mbili. Watu walinipongeza, nikaitikia. Mtu aliyekwisha danganya mbele ya makabila mawili hashindwi kuitikia pongezi.

Jumanne nilikutana na Izza mwenyewe kwenye chemchemi. Aliitua ndoo akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayepima ng'ombe wa mnada.

"Akka," akaniambia, "najua hunitaki. Nami sikutaki pia, usijivune. Mwambie mama yako jino limeanza tena."

Nikamwambia safari hii jino halitoshi.

Akaniuliza ninayemtaka ni nani. Nikainama nikanawa uso. Alijaza ndoo yake mpaka ikafurika, kisha akasema kwamba yeyote yule, anampa pole. Nilimpenda sana Izza siku ile, kwa namna yangu. Kama mambo yangekuwa mengine, angekuwa rafiki yangu mkubwa.

Mama nilimdanganya kwa urahisi, na hilo ndilo linaloniuma leo. Nilimwambia Alhamisi nashuka sokoni kununua hina na mishumaa ya harusi. Akanibariki. Akanifungia mayai ya kuchemsha mfukoni, akaniambia nisidanganywe bei.

*

Alhamisi asubuhi lori lilisimama penye njia panda kama kawaida, nyuma limejaa watu wa makabila yote mawili, kuku na magunia ya sufu. Tada ilikuwa imeleta hilo pia. Miezi michache nyuma watu hao wangepigana kugombea pa kukaa. Sasa walikuwa wanapishana kwa heshima, kila mmoja anamwambia mwenzake tafadhali kaa wewe, mpaka dereva amechoka nao.

Bassu alikuwa amekwisha panda. Alikaa pembeni, kifurushi mapajani, kichwa chini. Amekuja. Sikuwa na shaka atakuja, na bado nilipomwona moyo uliruka.

Nilikuwa natupa mfuko wangu juu niliposikia naitwa.

Alikuwa Bi Yattu, mama yake Bassu. Anakuja na njia, mwanamke mzito, anahema, mkate mkubwa umefungwa kitambaa kwapani. Nikajua yamekwisha. Bassu asingemdanganya mama yake. Mimi nilimdanganya wangu, yeye asingeweza.

Alinisalimia salamu zote, hakuruka hata moja. Hali yangu, hali ya mama, kondoo, nyumba. Nami nikajibu zote. Kisha akanivuta mkono mpaka nyuma ya lori, chini kabisa ya mahali alipokaa mwanawe.

"Akka, mimi na wewe ni mama na mwana sasa. Kwa haki ya maziwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi huwezi kunidanganya."

"Siwezi."

Akapumzika kidogo apate pumzi.

"Miaka mitatu mwanangu alikuwa akirudi kutoka malishoni anaimba. Mwaka huu haimbi. Alipokuwa anaimba sikumuuliza kwa nini, na aliponyamaza sikumuuliza. Mimi si kipofu, mwanangu. Kuna mambo mama anayaona akageuza uso, ili mtoto apate pa kukaa duniani. Leo nakuuliza moja tu. Anakwenda kwa kupenda kwake, au anakwenda kwa sababu wewe hukataliwi?"

Alisema kwa sauti ya chini, lakini juu ya lori watu waliacha kuongea. Bassu hakugeuka. Niliona tu masikio yake, mekundu.

Wasomaji wangu, nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, na mwingine nimewaeleza hapa. Siku ile uongo ulikuwa mfupi na rahisi. Kwa kupenda kwake, mama. Maneno manne tu, lori linaondoka, Bassu wangu.

"Sijui, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

"Basi mfungue. Ndilo ombi langu, kwa haki ya maziwa. Lirudishe ombi lako hapa hapa, nisikie, naye asikie. Akitaka kwenda baada ya hapo, mkate huu ni wenu wawili, mtaula njiani, sitatia neno. Asipotaka, ataula nyumbani."

Dereva akapiga honi, akauliza kama tunasafiri au tunazikana.

Nilishika ubao wa lori. Nilijua ninachokishika. Nikinyamaza, ninaye. Atakaa nami kwenye chumba cha kupanga mjini, ataniletea maji ya kunawa, ataniita ndugu, atatazama sakafu mpaka tuzeeke. Nikisema, huenda jioni hii nipo mjini peke yangu na mayai ya mama yangu mfukoni. Nilitaka kunyamaza. Naliandika hili wazi ili msije mkanidhania ni mtu mwema. Nilitaka sana kunyamaza.

Lakini mama wa tada hakataliwi. Sikuwa na hiari zaidi ya ile aliyokuwa nayo Bassu, na ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemfanyia nini.

"Bassu," nikaita.  "Ombi langu la Jumatatu nimelirudisha. Sikuombi kitu tena. Nenda unakotaka wewe."

 Bi Yattu aliubana mkate kifuani kwa mikono miwili. Injini ikaguruma, kuku wakaanza kelele, mtu mmoja juu akasema twendeni jamani jua linapanda.

Bassu akakaza fundo la kifurushi chake. Akasimama.

Ndani ya lori mtu husimama kwa mambo mawili. Husimama ili ashuke, na husimama ampishe mwenzake apate pa kukaa. Mimi nilikuwa bado chini, mkono mmoja kwenye ubao, na magurudumu yalikuwa yamekwisha kuanza kuzunguka.